Pembe Isiyoonekana: Historia ya Ulinganishaji wa Magurudumu katika Pikapu Zilizobadilishwa Urefu, 1925–2007

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya ulinganishaji wa magurudumu katika pikapu ambazo mfumo wake wa springi umebadilishwa. Mifano mikuu ni pikapu ya Ford ya 1965 yenye boriti mbili za mbele, Toyota Hilux ya 1979 na ile ya 1986, pamoja na Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 baada ya 1999. Hoja kuu ni kwamba, tangu mwanzo, tairi ndilo lililokuwa hakimu wa kazi hii: pembe iliyokula tairi ilipimwa na kurekebishwa, na pembe isiyokula tairi iliachwa. Pembe hiyo iliyoachwa ni kasta, ambayo ndiyo huathirika zaidi pikapu yenye ekseli nzima ya mbele inaponyanyuliwa, na ambayo ndiyo hulishikisha gari mstari katika mwendo wa kasi. Insha inahitimisha kwamba kipimo cha ulinganishaji hakina maana kamili bila kutajwa urefu wa gari wakati lilipopimwa.

1.0 Utangulizi

Pikapu ni gari ambalo kwa asili halina urefu mmoja. Asubuhi hutoka tupu, springi zake zikiwa zimenyanyuka. Jioni hurudi limebeba saruji, mahindi au watu, na springi zimelala. Urefu unapobadilika, magurudumu ya mbele nayo hubadili namna yanavyosimama juu ya barabara. Kwa hiyo, vipimo vya ulinganishaji vinavyochapishwa na kiwanda si sifa ya gari peke yake. Ni sifa ya gari likiwa katika urefu fulani na likiwa na mzigo fulani. Mwenye gari anapoongeza majani ya springi, anapofunga koili ndefu zaidi au anapokaza fito za msokoto, huliondoa gari katika urefu ule, ilhali jedwali la kiwanda hubaki palepale.

Kazi inayochunguzwa hapa, ambayo katika gereji huitwa alaimenti, inahusu pembe tatu. Ya kwanza ni kemba, yaani mlalo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele ya gari. Kemba ni chanya iwapo sehemu ya juu ya gurudumu imeegemea nje, na ni hasi iwapo imeegemea ndani. Ya pili ni too, yaani namna magurudumu mawili ya mbele yanavyoelekeana yakitazamwa kutoka juu: yanaweza kuwa yamekaribiana zaidi upande wa mbele au upande wa nyuma. Ya tatu ni kasta, yaani mwinamo wa mhimili ambao gurudumu huuzungukia usukani unapokatwa, ukitazamwa kutoka ubavuni mwa gari. Kasta ni chanya iwapo ncha ya juu ya mhimili huo imeegemea nyuma.

Pembe hizi hazina hadhi sawa machoni pa mwenye gari. Too ikikosewa kwa milimita 6 katika tairi lenye kipenyo cha milimita 750, kila gurudumu huelekea pembeni kwa takriban digrii 0.23. Pembe hiyo ni ndogo, lakini maana yake ni kwamba katika kila kilomita moja tairi huburuzwa pembeni kwa takriban mita 4. Baada ya safari chache za masafa marefu, alama huonekana katika kashata za tairi. Kemba iliyokosewa nayo hula ukingo mmoja. Kasta, kinyume chake, haiburuzi tairi gari likiwa linakwenda moja kwa moja. Ikipungua, kinachopotea ni uwezo wa usukani kurudi katikati wenyewe na uwezo wa gari kushika mstari. Hasara ya kwanza huonekana dukani tairi jipya linaponunuliwa. Hasara ya pili huonekana barabarani tu, na mara nyingi huhesabiwa kuwa ni kosa la dereva, la upepo au la barabara yenyewe.

2.0 Kutoka mkokoteni hadi ekseli huru, 1816–1934

Tatizo la kuyafanya magurudumu mawili ya mbele yafuate njia zinazolingana lilitatuliwa kabla ya motokaa kuwapo. Mnamo 1816 Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi mjini Munich, alibuni mfumo ambao kila gurudumu la mbele huzunguka katika mhimili wake badala ya ekseli nzima kugeuka. Rudolph Ackermann aliusajili mfumo huo mjini London mwaka 1818, na jina lake ndilo lililobaki katika vitabu vya ufundi. Magari ya farasi vilevile yalikuwa na magurudumu yaliyoegemea nje, ambayo spoku zake za chini zilisimama wima kubeba mzigo. Mlalo huo ulirithiwa na motokaa za mwanzo, zilizopita katika barabara zilizotuna katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni.

Ford ilianza kuuza pikapu iliyokamilika kutoka kiwandani mwaka 1925, ikiwa ni gari la Model T lililofungwa bodi ya mizigo nyuma. Ekseli yake ya mbele ilikuwa chuma kimoja kilichofuliwa, juu yake ikiwapo springi moja ya majani iliyolazwa kukingama. Kemba ilikuwa imetiwa ndani ya umbo la ekseli. Kasta ilishikiliwa na fimbo yenye umbo la V iliyotoka katika ekseli kwenda nyuma. Ni too pekee iliyoweza kurekebishwa kwa urahisi, kwa kurefusha au kufupisha tairodi.

Muundo huo ulikuwa na matokeo mawili ya kihistoria. Kwanza, ekseli nzima haibadilishi kemba mzigo unapoongezeka upande wa kushoto na wa kulia kwa usawa, kwa sababu magurudumu yote mawili yamefungwa katika chuma kimoja. Pili, kwa kuwa too ndiyo pekee iliyokuwa na mahali pa kushikiwa kwa spana, kulinganisha magurudumu kulikuwa ni kupima too. Fimbo ya kupimia iliyoegeshwa kati ya matairi, mbele kisha nyuma, ilitosha. Kasta haikupimika hivyo. Kuipima kunahitaji gurudumu likatwe kwa pembe inayojulikana upande mmoja na kisha upande wa pili, kwa kawaida digrii 20, likiwa juu ya sahani inayozunguka. Tofauti ya kemba kati ya mikato hiyo miwili ndiyo inayotumika kukokotoa kasta. Pembe hii, basi, haikuonekana katika tairi, na haikuonekana katika fimbo pia.

Msukumo wa kuachana na ekseli nzima haukutokana na kuliwa kwa matairi. Baada ya Firestone kuleta tairi nene lenye upepo mdogo mwaka 1923, magari mengi yalianza kutetemeka magurudumu ya mbele kwa nguvu katika mwendo fulani, usukani ukichezacheza mikononi mwa dereva. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce kwenda General Motors, alikuwa miongoni mwa waliolichunguza tatizo hilo, na mwaka 1934 kampuni hiyo ilitoa magari yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea. Pikapu hazikufuata mara moja. Zilihesabiwa kuwa zana za kazi, na ekseli nzima ilikuwa imara na rahisi. Kwa miaka mingine 25 hivi, gari la mizigo na gari la abiria vilikwenda njia mbili tofauti.

3.0 Ford ya 1965: kosa linaloonekana

Chevrolet ilitoa pikapu yenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea mwaka 1960. Ford ilijibu mwaka 1965 kwa muundo wa pekee. Badala ya ekseli moja, kulikuwa na boriti mbili ndefu, kila moja ikianzia katika upande wa pili wa chesi na kupita chini ya injini hadi kwenye gurudumu lake. Koili ilikaa juu ya boriti, na mkono mrefu ulitoka kwenye boriti kwenda nyuma kuizuia isisogee. Muundo huo ulidumu katika pikapu ndogo za Ford hadi gari jipya la F-150 la mwaka wa modeli 1997.

Uimara wa boriti ulihifadhiwa, lakini gurudumu sasa lilipanda na kushuka kwa kufuata tao la duara. Hesabu rahisi inaonyesha uzito wa jambo hilo. Iwapo umbali kutoka pini ya boriti hadi gurudumu ni takriban mita 1, kunyanyua chesi kwa milimita 50 huizungusha boriti kwa takriban digrii 2.9. Kwa kuwa gurudumu limefungwa mwishoni mwa boriti, kemba hubadilika kwa kiasi hichohicho: gari likinyanyuliwa, magurudumu huegemea nje kwa juu, likishushwa, huegemea ndani. Digrii 2.9 za kemba huonekana kwa macho matupu kutoka upande wa pili wa barabara, na tairi huliwa ukingo.

Kwa sababu kosa lilionekana, dawa ilipatikana. Katika gari zenye kingipini, mafundi wa Marekani walitumia mitambo ya haidroli kuikunja boriti ikiwa baridi, bila kuitoa kwenye gari, hadi kemba irudi. Baadaye, boljointi zilipochukua nafasi ya kingipini katika miaka ya 1980, kulikuja bushi zenye tundu lisilo katikati, ambazo zikizungushwa huihamisha ncha ya juu ya mhimili. Kwa magari yaliyonyanyuliwa zaidi, yalitengenezwa mabano ya kushusha pini za boriti ili boriti irudi katika mlalo wake wa awali. Vitabu vya ufundi vya Ford vyenyewe vilikuwa na majedwali yaliyotoa vipimo tofauti vya kemba na kasta kulingana na urefu wa gari. Kiwanda kilikuwa kimekiri kwa maandishi kwamba pembe na urefu ni jambo moja, ingawa majedwali yaliishia pale urefu wa kawaida ulipoishia.

Katika gari hilohilo kasta nayo ilipungua, kwa kuwa mkono wa nyuma uliinama chesi iliponyanyuliwa. Hata hivyo, kilichokuwa kikimrudisha mteja gereji ni tairi lililoliwa. Kurekebishwa kwa kasta kulikuja kama sehemu ya kifurushi cha mabano, kukiwa nyuma ya kemba.

4.0 Toyota Hilux: kutoka kabari hadi bolti, 1979–2005

Hilux ilianza kutengenezwa mwaka 1968 katika viwanda vya Hino. Toleo la kuendeshwa na magurudumu manne lilikuja 1979, likiwa na ekseli nzima mbele na nyuma juu ya springi za majani. Kwa mtu aliyetaka kulinyanyua, njia zilikuwa tatu: springi zenye tao kubwa zaidi, majani ya nyongeza, au shakoli ndefu zaidi. Kemba haikubadilika katika yoyote kati ya hizo. Tairi halikulalamika. Kutokana na hilo, ekseli nzima ilijipatia sifa, ambayo bado inayo, kwamba haihitaji alaimenti baada ya kunyanyuliwa zaidi ya kurekebisha too na kuusawazisha usukani.

Sifa hiyo ni nusu ya ukweli. Shakoli za mbele za gari hilo zipo kwenye ncha ya mbele ya springi. Zikirefushwa, ncha hiyo hushuka huku ncha ya nyuma ikibaki katika bano lake. Springi nzima huinama, na ekseli iliyofungwa juu yake huzunguka nayo. Ncha ya juu ya mhimili wa usukani huenda mbele, na kasta hupungua. Dawa ilikuwa kabari ya chuma iliyowekwa kati ya springi na kikalio cha ekseli ili kuirudisha ekseli nyuma kwa digrii chache. Kabari hiyo haikuwa ghali na haikuhitaji ufundi mkubwa. Kilichohitajika ni mtu kujua kwamba pembe ile imepotea.

Kwa gari za mwaka wa modeli 1986, Hilux ya soko la Marekani ilipewa magurudumu ya mbele yanayojitegemea, yenye mikono miwili kila upande na fito za msokoto badala ya springi za majani. Katika masoko mengine mengi ekseli nzima iliendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Fito ya msokoto ina bolti ya kurekebishia, iliyokusudiwa kusawazisha urefu wa gari upande wa kushoto na wa kulia springi zinapochoka. Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko kusudio. Kubadili urefu, ambako hapo awali kulihitaji vipuri na siku nzima ya kazi, sasa kulihitaji spana moja na dakika chache.

Hapa kosa lilirudi kuonekana. Mikono ya gurudumu iliinama kuelekea chini, kemba na too zikabadilika, na matairi yakaanza kuliwa. Gari lilipelekwa kwa fundi wa alaimenti, naye alirekebisha kwa bolti zenye kichwa kisicho sawa zilizopo kwenye mkono wa chini. Lakini bolti hizo ndizo zinazorekebisha kemba na kasta kwa pamoja, na nafasi yake ina mwisho. Gari lililonyanyuliwa sana hutumia karibu nafasi yote hiyo katika kuirudisha kemba, na kinachobaki kwa ajili ya kasta ni kidogo au hakipo. Fundi analazimika kuchagua, na kwa kuwa mteja amekuja na tairi lililoliwa, chaguo linajulikana. Hali hiyo haikubadilika kwa msingi wake Hilux ilipopata koili mbele katika kizazi cha 2005. Ilichobadilisha ni biashara: mikono ya juu yenye umbo tofauti, iliyotengenezwa na viwanda vya vipuri ili kurudisha kasta, ikawa bidhaa ya kawaida katika maduka ya vifaa vya magari ya porini.

5.0 Land Cruiser baada ya 1999: kosa lisiloonekana

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilianza mwaka 1984. Pikapu zake zilikuwa na ekseli nzima na springi za majani mbele na nyuma hadi marekebisho ya 1999, yaliyoleta pikapu ya 79 yenye koili mbele. Ekseli nzima ilibaki. Sasa ilishikiliwa na mikono miwili inayotoka kwenye ekseli kwenda nyuma hadi kwenye chesi, pamoja na fimbo moja iliyokingama kuizuia isiende kushoto au kulia.

Mkono wa gari hili umefungwa kwenye ekseli kwa bushi mbili, moja mbele na moja nyuma ya ekseli, kiasi kwamba mkono ukiinama, ekseli huzunguka nao. Tukirudia hesabu ya Ford, mkono wenye urefu wa mita 1 ukinyanyuliwa upande wa chesi kwa milimita 50 huzunguka kwa takriban digrii 2.9. Urefu ni uleule, pembe ni ileile. Tofauti ni kwamba katika Ford pembe hiyo ilikuwa kemba, na katika Land Cruiser ni kasta. Magurudumu ya Land Cruiser hubaki yamesimama kama yalivyotoka kiwandani. Anayelitazama gari kutoka mbele haoni chochote.

Athari yake inaweza kukadiriwa. Katika tairi lenye nusu kipenyo cha milimita 400, kasta ya digrii 3 huliweka eneo la tairi linalogusa barabara takriban milimita 21 nyuma ya mahali mhimili wa usukani unapoelekea chini. Umbali huo ndio unaoirudisha tairi katikati, kama gurudumu dogo la kitanda cha hospitali linavyofuata nyuma ya pini yake. Zikiondolewa digrii 2.9, umbali huo hushuka hadi chini ya milimita 1. Usukani huwa mwepesi, jambo ambalo dereva huweza hata kulifurahia mjini. Katika kilomita 80 au 100 kwa saa gari huanza kutangatanga, likihitaji kusahihishwa kila wakati. Na iwapo bushi na bearing za kingipini zimechakaa, mtetemeko ule uliowasumbua wahandisi wa miaka ya 1920 hurejea. Shokapu ya usukani huupunguza bila kuuondoa, na kwa namna hiyo huuficha.

Fimbo iliyokingama nayo huchangia. Iwapo ina urefu wa milimita 900 na tofauti ya kimo kati ya ncha zake ni milimita 60, kunyanyua gari kwa milimita 50 huihamisha ekseli pembeni kwa takriban milimita 5. Usukani hukaa upande, na fundi anaweza kuusawazisha kwa kurefusha fimbo ya usukani, akidhani kazi imekwisha.

Kasta yenyewe hurekebishwa kwa bushi zenye tundu la pembeni, kwa mabano ya kushusha ncha ya mkono, au kwa mikono iliyofuliwa upya. Kila njia ina gharama yake. Ekseli inapozungushwa ili kurudisha kasta, pua ya difu ya mbele huelekea chini, na pembe za jointi za propela ya mbele huharibika. Kurudisha kasta yote huweza kuleta mtikisiko katika propela, na kasta ikizidi nayo huweza kuchochea mtetemeko wa magurudumu. Hivyo basi, kipimo sahihi cha gari lililonyanyuliwa hakipo katika jedwali. Ni maafikiano kati ya mahitaji mawili yanayovutana.

6.0 Mashine na mamlaka ya jedwali

Katika kipindi hichohicho vyombo vya kupimia vilibadilika kabisa. Kampuni kama Hunter Engineering ya St. Louis, iliyoanzishwa 1946, zilileta mitambo ya mwanga, kisha ya elektroniki, na katika miaka ya 1990 zikaja mashine za kamera zinazosoma pembe zote za magurudumu manne. Kasta haikuwa tena pembe ngumu kupimika. Ingetarajiwa kwamba kupuuzwa kwake kungekoma.

Hilo halikutokea kikamilifu, na sababu yake imo katika namna mashine inavyotoa hukumu. Mashine hulinganisha kilichopimwa na vipimo vya kiwanda vilivyohifadhiwa ndani yake, kisha huonyesha rangi: kijani kwa kilicho sawa, nyekundu kwa kilichokosewa. Haijui kwamba gari limenyanyuliwa. Katika Land Cruiser, kemba hutoka kijani kwa kuwa haikuguswa. Too hutoka kijani baada ya kurekebishwa. Kasta hutoka nyekundu, lakini gari halina bolti ya kiwanda ya kuirekebishia. Pembe isiyo na bolti huandikwa kuwa haiwezi kurekebishwa, na karatasi hukabidhiwa mteja. Kiwanda kilikuwa kimefunga mlango huo kwa nia njema, kwa kuwa ekseli iliyofuliwa vizuri haikuhitaji marekebisho katika urefu wake wa asili. Mabadiliko ya urefu yaliyafanya maamuzi hayo ya kiwanda kuwa pengo.

7.0 Mzigo, Arusha na upande wa barabara

Afrika Mashariki ni sehemu ya historia hii kwa sababu pikapu ya Land Cruiser ni gari la kazi la eneo hili: pikapu za 79 huunganishwa Mombasa, na gereji za Arusha kwa muda mrefu zimekuwa zikichukua chesi ya pikapu, kuirefusha na kuijengea bodi ya kubebea watalii yenye paa linalofunguka. Gari la namna hiyo lina uzito, urefu na mgawanyo wa mzigo ambao jedwali la kiwanda halikuukusudia.

Hata hivyo, badiliko lililo la kawaida zaidi ni dogo kuliko hayo: kuongeza majani katika springi za nyuma ili gari lisilale chini ya mzigo. Badiliko hili halionekani kuhusika na magurudumu ya mbele, lakini linahusika. Pikapu ya 79 yenye kebini moja ina umbali wa milimita 3,180 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Nyuma ikinyanyuka kwa milimita 60, gari zima huinamia mbele kwa takriban digrii 1.1, na kasta hupungua kwa kiasi hichohicho. Likipakiwa, nyuma hushuka na kasta hurudi. Kwa maneno mengine, gari hilo huwa katika hali yake mbaya zaidi ya usukani likiwa tupu, yaani katika safari ya kurudi, ambapo ni jepesi na dereva ana haraka ya kufika. Fundi anayepima gari hilo likiwa limepakiwa na fundi anayelipima likiwa tupu watapata majibu mawili tofauti, na wote wawili watakuwa sahihi.

Ekseli ya nyuma ina hatari yake. Bolti ya katikati inayoshika majani ya springi ikikatika, ekseli husogea kwenye springi, na gari huenda likiwa limeelekea upande kidogo. Kurekebisha too ya mbele ili kuunyoosha usukani katika hali hiyo ni kuficha kosa la nyuma.

Upande wa kuendeshea nao una nafasi yake. Barabara iliyotuna katikati hulivuta gari kuelekea ukingoni: kushoto nchini Tanzania, Kenya na Uganda, kulia nchini Rwanda, Burundi na Kongo. Gari huvutwa pia kuelekea upande wenye kasta ndogo zaidi, na kwa hiyo tofauti ndogo ya kasta kati ya kushoto na kulia huweza kutumika kuufidia mvuto wa barabara. Tofauti inayofaa Mwanza huzidisha tatizo Bujumbura.

8.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa si ya maendeleo yanayokwenda moja kwa moja kutoka ujinga hadi maarifa. Uhusiano kati ya urefu na pembe ulijulikana, ukaandikwa katika majedwali ya Ford na kutatuliwa kwa kabari katika Hilux. Kilichoamua pembe ipi itashughulikiwa ni mahali ilipoacha alama. Kemba ya Ford iliacha alama katika tairi na ikapatiwa mitambo, bushi na mabano. Kasta ya Land Cruiser, iliyopotea kwa kiasi kilekile kutokana na milimita 50 zilezile, haikuacha alama popote ila katika mikono ya dereva.

Matokeo ya uchunguzi huu kwa kazi ya gereji ni mawili. Kwanza, gari lililobadilishwa springi linapaswa kupimwa kasta hata kama matairi yake hayana dosari, na hata kama badiliko lilifanywa nyuma tu. Pili, karatasi ya vipimo inapaswa kuandikwa urefu wa gari, uliopimwa kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi katika pembe zote nne, pamoja na hali ya mzigo. Urefu huo usipoandikwa, fundi atakayelipokea gari baadaye hana njia ya kujua iwapo pembe imebadilika kwa sababu kipuri kimechakaa au kwa sababu springi zimebadilishwa, na atakisia.